Shapele ya Kuchemshia Mikasi

Mikasi ya kliniki ya Docta Zéphirin ilichemshwa kwa Salamu Maria. Usicheke kwanza. Kazi ilikuwa inaenda, na ilienda miaka kumi na mine, mpaka juma lile barua ya ukaguzi ilipofika Kasongo imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa dereva wa pikipiki, ikinuka mafuta.

Aliyechemsha alikuwa Mama Consolée, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mwenye mwendo wa bata na ulimi usio na kifuniko. Alikuwa mama wa usafi. Alifagia, alifua mashuka, na kila mwanamke akijifungua, yeye alikusanya mikasi, pensi za kubania na sindano za kushonea, akavisugua, akavitia ndani ya sufuria juu ya babula, akapepea makaa kwa kifuniko cha ndoo. Maji yakianza kuruka, alishusha shapele yake, yaani rozari, kutoka kwenye msumari, akasali kuanzia ushanga wa kwanza mpaka wa mwisho. Shapele ikiisha, vyombo vimeiva. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na Sista mmoja mzungu wa misioni, zamani, wakati Consolée bado ana kiuno. "Shapele moja, dakika makumi mbili," alisema Sista, na Sista hakuwa mtu wa kudanganya. Hata chumvi ya mboga aliipima kwa kijiko.

Saa ya ukutani ilikuwepo, ndiyo. Docta aliinunua mwenyewe. Lakini betri yake ilihamishwa kwenye tochi ya kuangalia koo za watoto, na tangu siku ile saa ilisimama kwenye saa kumi na dakika kumi, ikitazama watu kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Na huyo Docta, tusigombane bure, alikuwa muganga wa kawaida, infirmier, muuguzi mwenye diploma yake. Lakini kwetu mtu akiwa na bluzi nyeupe na nyumba yake mwenyewe ya wagonjwa, anaitwa Docta, na Zéphirin hakuwa na moyo wa kuwakatalia watu.

Shida ilianza na kifo. Dada yake Consolée alifariki Kabambare katika mwezi wa mvua nyingi. Ilibidi aende. Pikipiki ilikuwa inanguruma mlangoni alipokumbuka sufuria. Akamwita Soraya, msichana aliyekuwa anafua naye mashuka.

Soraya alikuwa na miaka makumi mbili na mine, watoto wawili, na mume aliyekwenda kuchimba zahabu Salamabila na ambaye tangu Ramadhani iliyopita hakutuma hata salamu. Mpole, mwenye kitambaa kichwani saa zote, mtu wa kusikiliza mara moja na kutouliza mara mbili.

"Maji ikiruka," Consolée alimwambia, mguu mmoja tayari juu ya pikipiki, "unakamata ile shapele ku musumari, unapitisha shanga zote mpaka ku musalaba. Hautoe sufuria mbele ya pale. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Pikipiki ikaondoka, ikimrushia Soraya matope ya baraka.

Matanga yalichukua siku zake. Kisha mvua ikachukua zake, daraja likaenda na maji, na Consolée alirudi Kasongo baada ya majuma matatu, mgongo umekauka kama mti wa kuni. Hakuwa bado ametua mfuko wake alipoisikia harufu. Mtu aliyefua vitambaa vya wazazi miaka yote ile haulizi harufu ile ni ya nini.

Kwenye kitanda cha dirishani alilala Emilienne, mke wa mwalimu Ismaël. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mtoto alitoka mzima, mkubwa, akampasua mama yake, na Docta akamshona. Siku ya nne homa ikapanda, na kidonda kikaanza kutoa usaha. Kabla yake wanawake wawili wengine walikuwa wamerudi na shida ileile. Walipewa vidonge, wakaenda kwao wakitembea miguu imepanuka. Huyu wa tatu hakuweza kutembea. Na mume wake, kwa kuwa ni mwalimu na kalamu ilikuwa mkononi, aliandika barua kwa ofisi ya zone ya afya. Ofisi ikajibu: mukaguzi atafika siku ya Alhamisi.

Siku ya Jumatatu Docta Zéphirin aliwakusanya uani. Alikuwa amepaka mlango rangi ya kijani, na rangi ilikuwa imemshika sikioni.

"Musikilize vizuri. Mukaguzi akiuliza juu ya usafi wa vyombo, jibu ni moja tu. Mama mwenye kujua kazi alikuwa ku matanga. Huyu hapa ndiye aliharibu." Akamnyoshea Soraya kidole. "Hakuchemsha. Ni uvivu. Na kama Emilienne atakufa, mimi sitaenda ku parke kushitakiwa juu ya uvivu wa mutu. Ataenda yeye."

Soraya alisogea mbele. "Docta, nilichemsha. Nilifanya kama Mama Consolée aliniambia, kila mara."

"Utaenda kueleza vile mbele ya muamuzi."

"Na watoto wangu?"

"Wana baba."

"Baba yao iko wapi, Docta? Unionyeshe, niende kumusalimia."

Consolée aliendelea kukunja mashuka. Na tukisema ukweli, alisikia utamu kidogo moyoni. Ni vizuri ukitoka, nyumba iiname kidogo nyuma yako, watu wajue nguzo ilikuwa nani. Alijisemea: kasichana haka kalitoa sufuria mbele ya wakati, kalikuwa na haraka ya kwenda sokoni. Ndivyo walivyo.

Lakini alipopita dirishani na maji ya kunywa, Emilienne alifungua macho, akamshika mkono. Mkono ule ulikuwa jiwe la jikoni.

"Mama Consolée, umerudi? Basi nitapona. Weye ndiye unajua kazi."

Utamu ule ukageuka chachu. Consolée akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba alikokuwa Soraya.

"Lete sufuria. Unionyeshe vile ulifanya. Usiruke kitu."

Soraya alionyesha. Alisugua mikasi kwa sabuni, vizuri kabisa, kuliko hata Consolée mwenyewe. Akawasha babula. Maji yalipoanza kuruka, akanawa mikono mpaka viwiko, akanawa uso, ndipo akaishusha shapele kwa vidole viwili kama mtu anayepokea mtoto wa wenyewe. Akaanza: "Subhana Llah. Subhana Llah. Subhana Llah," ushanga mmoja neno moja, shanga zikiteleza kama maharage yanayomwagika. Consolée alikuwa bado anatafuta mahali pa kuweka makalio yake kwenye kigoda.

"Imeisha," alisema Soraya, akaitoa sufuria.

"Imeisha nini?"

"Shanga. Mpaka ku musalaba. Si vile ulisema?"

Hapo Consolée alicheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, maana jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha. "We mutoto! Kila ushanga ni Salamu Maria nzima! Nzima, na mwisho wake! Si neno moja ya kupitisha kama nzi ku maji!"

"Mimi nitaijulia wapi, Mama? Ile sala sikufundishwa. Nilijiuliza, nikasema, Mama ametoa shanga zake kwa roho safi, mimi nitasali ya kwetu, Mungu ni mumoja." Soraya aliitazama shapele mkononi mwake. "Haikuwa vile?"

Kicheko kilimkauka Consolée mdomoni. Ndani, Emilienne alikuwa anaugua polepole, kama mlango unaosukumwa na upepo. Consolée aliiona ile siku ya pikipiki: mdomo wake mwenyewe ukisema shanga, shanga, bila kusema sala. Nani huko kwao angedhani kuna mtu asiyejua kwamba shapele inasaliwa Salamu Maria? Kichwani mwake dunia nzima ilikuwa ya misioni.

"Nyamaza kwanza," alimwambia Soraya. "Tutaona."

Siku mbili akanyamaza yeye pia. Alijiambia: nikisema, nitafukuzwa, na nani atanipa kazi na miguu hii? Nisiposema, atafungwa Soraya. Alipeleka maji dirishani, akatoa maji, na kila mara Emilienne alimshukuru. Hilo lilikuwa baya kuliko matusi.

Alhamisi mukaguzi alifika. Aliitwa Nathanaël, mwanaume mwembamba, buti za mupira zimejaa matope, na karatasi zenye vijumba vidogo ambamo alitia alama bila kusema ni nzuri au mbaya. Alianza na shimo la takataka. Akaenda kwenye mipira ya mikono, ile ya kuvaa mara moja na kutupa, ambayo hapa ilikuwa imefuliwa na kuanikwa kwenye kamba, vidole chini, kama kundi la watu wanaoomba msamaha.

"Hii inakauka juu ya nini?"

"Juu ya jua, mukubwa," alijibu Consolée, kabla hajajizuia.

Mukaguzi akatia alama. Akafungua kitabu cha wazazi, akasoma ukurasa mmoja, akageuza, akasoma mwingine, akainua macho ukutani.

"Docta, mwezi wa sita wote watoto wa hapa walizaliwa saa kumi na dakika kumi?"

Zéphirin alikohoa. "Mukubwa, kuna saa ambayo wanawake wa huku... inawapenda."

Hakuna aliyecheka. Nathanaël alikuwa ameshafika kwenye kitanda cha dirishani. Akaomba ruhusa, akainua kitenge, akaangalia. Uso wake, ambao tangu asubuhi ulikuwa kama karatasi zake, ulibadilika.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Tunamufuata na vidonge..."

"Huyu anaenda ku hopitali kubwa. Sasa. Si kesho, si baada ya chakula."

Walimtoa Emilienne wakimbeba kwa kitenge, wakamweka juu ya pikipiki katikati ya dereva na mama mkwe wake aliyemkumbatia kwa nyuma. Mwalimu Ismaël alikimbia pembeni amemshika mtoto. Mlango wa kijani ulibaki ukipigapiga.

Nathanaël alinawa mikono muda mrefu. Halafu akauliza, bila kugeuka: "Nani anachemsha vyombo?"

"Ni huyu," alisema Zéphirin haraka, akimsukuma Soraya mbele. "Mimi sikujua. Mama wa kazi alikuwa ku matanga, huyu akabaki, akafanya uvivu wake. Andika jina yake: Soraya."

Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi. Soraya hakulia. Aliangalia chini tu, kama mtu anayehesabu vidole vyake vya miguu.

"Mukubwa," alisema Consolée, "mbele ya kuandika, iko neno."

"Mama Consolée, enda kuangalia mashuka," alisema Zéphirin.

"Mashuka haina miguu, Docta, itanigojea." Akasogea. Akaeleza yote: Sista, shapele, msumari, pikipiki mlangoni, shanga za Soraya. "Huyu mutoto hana uvivu. Alitii. Mimi ndiye nilimupa kipimo bila kumupa sala yake. Kama kuna kosa, ni ya mudomo wangu."

Mukaguzi aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Shapele," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka ngapi?"

"Kumi na mine."

Zéphirin akaona mlango mdogo wa kutokea, akaukimbilia. "Lakini Mama mwenyewe ni mutu wa kazi, mukubwa! Akiwa yeye, hakuna shida! Dakika makumi mbili, kamili! Sista wa misioni alimufundisha!"

"Basi anionyeshe." Nathanaël alitoa simu, akaiegemeza juu ya dirisha, namba zikihesabu. "Sali kama kawaida, Mama. Usiniangalie mimi."

Consolée hakuogopa. Tuseme hata alifurahi. Sasa wataona, alijisemea. Nitamwokoa Soraya na jina langu pia litabaki safi, kama kuku aliyevuka barabara na vifaranga vyote. Maji yakaruka. Akaishika shapele, akaanza.

Alisali kama alivyosali kila siku kwa miaka kumi na mine, mdomo wake ukijua njia wenyewe, Salamu Maria zikisukumana mlangoni kama watoto wanaotoka shule. Wa kwanza alikuwa hajamaliza kutoka, wa pili amekwisha kanyaga kisigino chake. Akapita kumi la kwanza, akapita la pili. Alipoinua macho alimwona Zéphirin nyuma ya mgongo wa mukaguzi. Docta alikuwa anashusha mikono yake chini, chini, kama mtu anayetuliza mbwa. Polepole, ilisema mikono ile. Polepole.

Polepole juu ya nini? Consolée akaangalia simu.

Alikuwa katikati ya shapele, na simu ilisema dakika nne.

Ulimi haukusimama, maana ulikuwa umezoea, lakini moyo wake ulisimama. Alimwona Sista, waziwazi, kwenye veranda ya misioni: Sista aliyejifunza Kiswahili kwa kitabu, aliyesali kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, neno, kisha anatafuta mguu wa kuweka, kisha neno. Shapele ya Sista ilikuwa na dakika makumi mbili kweli. Shapele ya Consolée, yeye aliyezaliwa ndani ya lugha hii na aliyekuwa na mashuka yanayomngoja, ilikuwa imepungua mwaka kwa mwaka, kama sabuni, bila mtu kuona.

Nusu ilikuwa imebaki. Na nusu hiyo angeweza kuivuta. Kikohozi kidogo hapa, machozi pale; wimbo katikati ya kumi na kumi, nani angemkataza mwanamke mzee kumwimbia Bikira? Angefika makumi mbili. Karatasi ingesema: Mama Consolée, mzuri; Soraya, mbaya. Zéphirin alikuwa karibu kupiga magoti na mikono yake ile.

Soraya alikuwa bado anaangalia vidole vyake.

Consolée akaendelea mbio zilezile, na kila ushanga sasa ulimuuma kama kaa la moto. Alipofika kwenye msalaba, aliitoa sufuria mwenyewe.

"Dakika nane na kidogo," alisema Nathanaël.

"Hivi ndivyo nasalaka kila siku, mukubwa. Si leo tu."

Mukaguzi hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa afadhali. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hata hizo makumi mbili hazitoshi kwa vyombo vya kushonea, kwamba inatakiwa mashini ya mvuke, ile ya kufungwa, yenye saa yake na kipimo chake, na kwamba mwenye kliniki ndiye mwenye kujua hilo, si mama wa usafi. Kisha akaandika muda mrefu. Jina la Soraya alilikata kwa mstari mmoja. Chumba cha wazazi kilifungwa siku ileile, karatasi yenye muhuri ikabandikwa juu ya rangi ya kijani ambayo ilikuwa haijakauka vizuri.

"Umeniua, Mama Consolée," alisema Zéphirin pikipiki ya mukaguzi ilipoondoka. "Miaka kumi na mine nakulisha, halafu unaniua kwa sala."

"Sikukuua weye, Docta."

Alisema hivyo, na nusu ya pili ya neno, kwamba labda aliwaua wengine, hakuitoa.

"Chukua shapele yako uende. Usirudi."

Aliichukua. Msumari ulibaki.

Siku zilizofuata hakuwa na kazi, na mtu asiye na kazi anahesabu. Alimhesabu Véronique, aliyepata homa baada ya mtoto wa tatu, na yeye Consolée akamwambia ni juu ya kula mboga ya sombe mapema. Alimhesabu Aimée, ambaye tumbo lilimuuma mwaka mzima na hakuzaa tena. Walisema ni jicho la mke mwenzake, na Consolée alisema hivyo kwa sauti kuliko wote. Alianza kumhesabu Darlène, yule waliyemzika, akaacha.

Jumapili Soraya alifika kwake na ndizi mbili ndani ya kikapu. "Twende kumuangalia."

Emilienne alikuwa hai. Amekonda, mrija mkononi, macho makubwa. Walikuwa wamefungua mshono na kuosha kidonda. Daktari alisema wangoje. Mama mkwe aliwaona wakiingia, akasimama kama mtu anayetafuta ufagio.

Consolée hakukaa. "Mwanangu, nimekuja kukuambia. Si Soraya. Ni sufuria yangu. Mimi nilimufundisha vibaya, na mimi mwenyewe nilikuwa nachemsha vibaya, tangu zamani. Uliniambia najua kazi. Sikujua."

Emilienne alimtazama. Kisha akageuzia uso ukutani. Mtoto alilia, akanyamazishwa. Consolée alikuwa amekwisha kugeuka kuondoka aliposikia sauti kutoka upande wa ukuta.

"Uko na ile shapele?"

"Iko mu mufuko."

"Basi unisalie. Lakini polepole."

Mama mkwe alisonya, lakini akasogeza kigoda kwa mguu. Consolée akakaa. Alianza, na mara moja mdomo ukataka kukimbia. Akaushika kama unavyoshika mbuzi kwenye kamba. Neno. Akatafuta mguu wa kuweka. Neno. Hakuwa amewahi kujua kwamba sala ile ilikuwa na maneno mengi namna ile, wala kwamba mwisho wake kuna saa ya kufa kwetu. Shingo ililowa jasho. Soraya alisimama pembeni, midomo yake ikitikisika na sala ya kwao.

Walipofika kwenye msalaba, Soraya aliangalia saa ya ukutani, ile ya hospitali, inayotembea.

"Makumi mbili na tatu, Mama," alinong'ona.

Emilienne alikuwa amelala. Consolée aliinama, akaweka kiganja kwenye paji la uso wake, akakiacha pale ili awe na hakika.

Lilikuwa bado la moto. Akarudi kwenye kigoda, akaushika ushanga wa kwanza.